Mashahidi Sita na Daftari Safi

Siku ya kuagwa kwangu kazini nilipewa kitenge, hotuba tatu na karatasi ya shukrani iliyoandikwa kwa jina la "Bwana Adolphin". Mimi ni Mama Adolphine, mama wa watoto wanne, na nimefanya kazi katika labo hii, maabara ya damu, miaka mingi kuliko umri wa yule aliyeichapa karatasi. Sikulalamika. Nimeandika namba za sungura maisha yangu yote, kwa hiyo najua jina linaweza kukosewa na damu ikabaki ile ile.

Ninyi vijana wa labo mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla ya mashine. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu ni habari fupi. Nitaandika juu ya sungura, juu ya muzee mmoja aliyenifundisha kazi, na juu ya madaftari mawili, moja chafu na jingine safi. Lile safi niliandika mimi kwa mkono wangu, na hadi leo ndilo linaloniuma.

Niliajiriwa kwa ajili ya mwandiko. Nilikuwa nimesoma kwa masista upande wa Bukavu, na masista wale walitufundisha kuandika kana kwamba Mungu mwenyewe atakagua herufi zetu siku ya mwisho. Mkuu wa labo, Docteur Faustin, alikuwa amerudi kutoka Ulaya na tezi yake nusu, yaani ile kazi kubwa ya kumfanya aitwe profesa. Aliniambia niandike sentensi moja ubaoni. Niliandika. Akatabasamu, akasema nianze Jumatatu. Hakuniuliza kama nimewahi kumshika sungura.

Sikuwa nimewahi. Jumatatu asubuhi nilifika labo yetu ya Murara, hapa Goma, nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, kimoja cha watu na kimoja cha wanyama, na harufu haikujua mpaka. Hapo nilimkuta Muzee Anselme, mtu mrefu wa Rutshuru aliyekuwa akikaa Kibati na kuteremka kila siku kwa kinga, baisikeli yake iliyolia kama mbuzi. Koti lake jeupe lilikuwa na viraka vingi kuliko koti. Alinipa sungura mikononi bila hata kuniambia jina lake, yeye au sungura. Sungura akanipiga teke la tumbo, akaruka mezani, akavunja mabomba matatu madogo ya kioo ya kupimia damu.

"Mama, usimushike kama muzigo," Muzee akasema, akiokota vioo taratibu. "Mushike kama mutoto ya jirani, yenye utarudisha magaribi. Sungura akiogopa, damu yake inaganda mbele sindano ifike. Utaandika uongo. Na juu mwandiko yako iko muzuri, watu bataamini."

Nilicheka siku ile. Sikujua kwamba alikuwa ananisomea maisha yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwili wa mnyama hujitengenezea vitu vidogo ambavyo wasomi huviita amini za kibiolojia. Adrenalini ni mojawapo, ile inayokufanya uruke mtaro ambao jana uliuzunguka. Serotonini ni nyingine. Tena ndani ya damu mna protini zinazolala zikingoja jeraha: fibrinojeni, protrombini na jamaa zao. Zikiamshwa zinashikana, na damu inaganda. Docteur alitaka kujua jambo moja: ukimchoma sungura amini hizo, protini zile zinaamka mapema zaidi au zinachelewa? Swali zuri. Katika mji wetu damu imemwagika sana, na angalau mtu mmoja alitaka kujua inavyosimama.

Tulikuwa na sungura wa adrenalini, sungura wa serotonini, na sungura sita ambao tuliwachoma maji ya chumvi tu, ili kuona damu inavyoganda pasipo kitu. Hao sita kwa Kifaransa huitwa "témoins". Mwanafunzi wa Kinshasa angeacha hivyo hivyo, lakini Muzee Anselme alikuwa mtu wa kutafsiri kila kitu. Témoin kanisani ni shahidi, témoin kwa tribinali, mahakamani, ni shahidi, basi hata labo ni shahidi. Tangu hapo neno likatuingia kinywani. "Mashahidi wamekula?" "Shahidi wa pili anaharisha." "Kesho asubuhi tunamuua shahidi mmoja." Majirani waliopita dirishani walituamkia kwa heshima kubwa, na wengine wakaacha kabisa kupita.

Kila sungura alikuwa na alama ya wino sikioni, iliyotobolewa kwa sindano: A kwa adrenalini, S kwa serotonini, T kwa témoin, pamoja na namba yake. Kumbukeni hayo masikio, nitayarudia.

Ninyi leo mnaweka bomba ndani ya mashine, mnaenda kunywa chai, mashine inatoa karatasi. Sisi tulinyoa sikio la sungura kwa wembe, tukalipapasa mpaka mshipa utokee, tukachukua damu sehemu tisa juu ya sitrati sehemu moja ili isigande kabla ya wakati. Tukaizungusha, ili umajimaji wake ujitenge, kwa sentrifuji ya mkono, ile ya kuzungusha mpini, iliyonipa msuli wa mkono wa kulia ambao hadi leo mume wangu anauheshimu. Umeme ulipokatika, na ulikuwa na tabia hiyo, tulipasha maji kwenye mbabula, jiko la makaa. Muzee alitumbukiza kiwiko ndani ya sufuria kama anayemwogesha mtoto, akasema, "Iko sawa." Niliweka kipima joto kumfumania. Kila mara ilikuwa sawa.

Halafu ilihitajika dawa ya kuamsha protini, na dawa hiyo tuliitengeneza wenyewe kwa ubongo wa sungura. Ubongo unasagwa ndani ya kinu kidogo pamoja na asetoni, unakauka, unakuwa unga, unawekwa ndani ya chupa. Mara moja asetoni iliisha, nikaenda sokoni nikanunua ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Muzee akafungua kichupa, akanusa marashi yake, akanirudishia. "Huyu sungura haendi kwa ndoa," akasema.

Mwishoni mtu anainua bomba mbele ya dirisha, analiinamisha, analirudisha, macho kwenye ule umajimaji, kidole kwenye krono. Krono ilikuwa saa ya mkononi ya Muzee ya kupimia sekunde, ya chuma, ya kutiwa ufunguo, chombo pekee katika labo nzima ambacho hakikuhitaji umeme wala bajeti. Damu inapokataa kuteremka, unabonyeza. Mimi naandika. Chini ya kila ukurasa Muzee anatia sahihi kama msimamizi wa wanyama. Pembeni kulikuwa na safu ya maelezo, na Muzee aliipenda kuliko safu zote. Alinilazimisha niandike humo kila kitu: sungura amekula majani yenye maji, mlango ulipigwa na upepo, Mama Adolphine amekohoa.

Kisha uasi ukaingia mjini. Sitataja jina la kikundi, maana vikundi vilibadilisha majina kuliko sisi tulivyobadilisha sindano. Docteur Faustin alikuwa ameondoka siku moja kabla, kwenda mkutanoni Nairobi. Watu wenye pasipoti huhisi mambo mapema.

Tulikuwa tumekwisha kuchoma sindano wakati risasi za kwanza ziliposikika upande wa uwanja wa ndege. Nilitaka kukimbia nyumbani, mtaa wa Mapendo, kwa watoto. Muzee akaniambia njia ile ndiyo mbaya zaidi kwa sasa, tungoje. Na tulipokuwa tunangoja, akatazama krono.

"Adrenalini haingojake vita iishe," akasema. "Lala chini, mama. Tunafanya paka chini." "Paka" yake ni "tu", si mnyama.

Basi tulifanya kazi tukiwa tumelala sakafuni, sufuria ya maji katikati yetu, sungura mmoja mmoja wakitolewa ndani ya vizimba kwa kuvutwa. Kila bomu likianguka, chumba cha pili kilijaa vishindo vya miguu ya sungura. Nililia, naandika huku nalia, na masista wangejivunia: hata herufi moja haikupinda. Sungura wa adrenalini waliganda haraka, kama ilivyotarajiwa. Wakaja mashahidi, wale wa maji ya chumvi. Muzee aliinamisha bomba la kwanza, akabonyeza mapema hivi kwamba nilidhani kidole kimeteleza. La pili vile vile. Wote sita waliganda karibu sawa na wenzao wa adrenalini.

"Tumechanganya bomba," nikasema.

"Hatukuchanganya. Hawa nao banachomwa adrenalini," Muzee akajibu. "Paka si sisi tumebachoma." Akanielekeza safu ya maelezo. "Andika: risasi, kuanzia saa tatu mupaka saa tano na nusu. Bomu ine."

Niliandika. Ukurasa ule ulikuwa na tone la chozi langu na alama ya goti la Muzee, na ndiyo maana naliita daftari chafu.

Siku chache baadaye tulimuua shahidi wa tatu kwa ajili ya ubongo, kama utaratibu ulivyotaka, nami nikaandika kwa Kifaransa safi kwamba témoin nambari tatu amesacrifiwa na ubongo wake umetolewa. Kesho yake wanajeshi wa kikundi kile wakaja kupekua. Walikuwa wameambiwa tuna mashine ya kuzungumza na adui. Waliizungusha ile sentrifuji, wakasikiliza, adui hakujibu. Wakachukua daftari, na kwa kuwa ilikuwa karibu saa ya kula, wakachukua pia sungura watano wa vizimba vilivyo karibu na mlango. Karibu na mlango ndipo walipokuwa mashahidi.

Mchana walirudi kumchukua Muzee Anselme. Mwandiko ulikuwa wangu, lakini sahihi ilikuwa yake. Mimi nilisimama pale nikiwa na kalamu mfukoni. Aliponipita aliniambia tu, "Majani ya jioni usisahau," kana kwamba anakwenda choo.

Nililisha sungura waliobaki. Kisha nilipiga moyo konde nikaenda kwenye nyumba ya mawe ambako komanda wa usalama alikuwa na ofisi. Nilijua watu walioingia mle na sikujua wengi waliotoka. Muzee alikuwa amekaa sakafuni, bila viatu, bila miwani. Komanda alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha. Zamani alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na nikaona kwamba alikuwa amesahihisha nukta moja juu ya herufi yangu kwa kalamu nyekundu.

"Mama, nauliza polepole," akasema. "Hapa munaandika mashahidi sita. Wa kwanza mupaka wa sita. Wa tatu munamuua, munatoa ubongo. Banashuhudia nini, mupaka munabaua?"

"Komanda, si batu. Ni sungura."

"Sungura banashuhudia?"

"Ndiyo, komanda. Banashuhudia damu inakuwaka namna gani kama hatukubafanya kitu."

Aliweka kidole juu ya mstari. "Munabatoa ubongo, na munasema hamukubafanya kitu?"

Ukitaka kujua ugumu wa sayansi, jaribu kulijibu hilo mbele ya mtu mwenye bastola mezani. Nilimtazama Muzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anazuia kicheko.

"Bon," komanda akasema. "Leta hao sungura nibaone. Ni rahisi."

"Haiko rahisi, komanda. Balikuliwa."

"Na nani?"

Wanajeshi wawili waliokuwa mlangoni wakaanza kutazama buti zao. Komanda aliwatazama, akanitazama mimi, akafunga daftari. Akaniambia niko na mupaka saa kumi kuleta ushahidi kwamba mashahidi walikuwa sungura. La sivyo muzee atapelekwa pamoja na wengine asubuhi. Hakusema wapi. Hakuna aliyeuliza wapi katika siku zile.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, mahali wanajeshi walipopikia. Mpishi alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga wa volkano. Nilimsalimu, nikamuuliza vichwa vya sungura ametupa wapi. Alinionea huruma, akadhani nina njaa, akanionyesha rundo la majivu na maganda ya viazi. Nilipiga magoti. Nilichambua rundo lile kwa mikono, kitenge changu cha kanisani kikiwa kimefungwa kiunoni, nikiomba rozari kwa kufuata herufi: T moja, T mbili. Nilipata masikio ya wanne. Ya T nne hayakuwapo, na mbwa mmoja aliyelala karibu alinitazama kwa macho ya mtu asiye na la kusema. Nilikimbia hadi Murara, nikachukua chupa ya unga wa ubongo yenye kibandiko cha T tatu, nikarudi. Ilikuwa bado robo saa.

Nilipanga kila kitu juu ya meza ya komanda, kwenye leso, kwa kufuata namba.

"Shahidi wa kwanza, huyu. Wa pili, huyu. Wa tano. Wa sita." Nikaweka chupa. "Wa tatu."

Komanda aliinua chupa, akaitikisa kidogo. "Wa tatu iko unga?"

"Ndiyo, komanda."

"Na wa ine?"

"Mbwa, komanda."

Alivuta daftari, akachukua kalamu nyekundu, na mbele ya namba nne akaandika neno moja: "disparu". Yaani ametoweka. Mtu wa ofisi ni mtu wa ofisi. Halafu akacheka, akacheka mpaka wanajeshi nao wakapata ruhusa ya kucheka, na nilijua Muzee atakwenda nyumbani.

Lakini hapo ndipo ilipobaki kidogo tuharibikiwe. Komanda alifungua ukurasa wa ile siku, akasoma safu ya maelezo, na kicheko kikafutika usoni.

"Muzee, hapa unaandika risasi. Bomu ine. Ile siku redio ilisema muji umetulia. Chana hii page, wende kwako."

Muzee Anselme alinyoosha mkono, akaomba kwanza miwani yake. Akaivaa. Akausoma ukurasa wote kana kwamba anauona mara ya kwanza, nami nilikuwa nikimwomba kimoyomoyo auchane, auchane tu, karatasi ni karatasi.

"Komanda, unisamehe," akasema. "Nikichana hii, sungura batabaki na woga bila sababu. Mutu mwenye atasoma atasema ni miye sijuwe kazi."

Sijui ni nini kilimgusa yule mtu. Labda mwalimu aliyekuwa ndani yake hakuwa amekufa kabisa. Alitutazama, akasukuma daftari mpaka ukingoni mwa meza, akasema tuondoke nalo kabla hajabadili nia. Njiani Muzee, bila viatu juu ya mawe makali ya mji wetu, aliniuliza kama majani ya jioni nilitoa.

Docteur Faustin alirudi mji ulipotulia kweli. Alituletea biskuti. Alisikiliza habari ya masikio, akacheka mahali panapofaa, akasikitika mahali panapofaa. Kisha akasoma ukurasa.

"Adolphine, hii inaharibu kila kitu," akasema. "Les témoins wakiganda kama wengine, jury ya tezi itasema adrenalini haikufanya kazi. Niandikie daftari safi. Siku za fujo tunaziacha, zilikuwa siku si za kawaida. Na safu ya maelezo haihitajiki. Hakuna mtu mwenye mwandiko kama wako."

Hakunitisha. Hakuwa na bastola. Alisifu tu mwandiko wangu, na mimi, mwanamke niliyechambua majivu kwa ajili ya ukurasa ule, nilisema ndiyo, Docteur. Niliandika majuma matatu. Lilitoka daftari zuri ajabu, mistari imenyooka, sungura watulivu, mashahidi wenye tabia njema kila siku ya mwaka. Siku za risasi ziliondolewa, na kwa kuwa zilikuwa nyingi, tuliongeza siku za sungura waliokuja baadaye.

Nilimpelekea Muzee atie sahihi. Alifunua kurasa, moja baada ya nyingine.

"Na ile siku?"

"Iko mu daftari ya kwanza, Muzee. Iko mu kabati."

"Sawa," akasema. Akanirudishia bila kutia sahihi, akaenda kunyoa sikio la sungura. Hakunilaumu kamwe. Ningependa angenilaumu.

Kisha mlima wa volkano ukafunguka. Ninyi mliokuwa wadogo mnakumbuka moto, sisi wakubwa tunakumbuka mizigo. Nilitoka Mapendo na watoto wanne, godoro moja na sufuria, nikavuka mpaka pamoja na mji mzima. Daftari safi lilikuwa Ulaya tayari, ndani ya begi la Docteur. Daftari chafu lilikuwa ndani ya kabati la Murara. Niliwaza kabati lile usiku na mchana, na nilimficha mume wangu, maana mke anayelilia kabati wakati watu hawana nyumba si wa kuelezeka.

Tuliporudi, labo ilikuwa chini ya jiwe jeusi lililokuwa bado linatoa joto. Ncha moja ya bati ilikuwa nje. Muzee Anselme alikuwa amefika kabla yangu. Nyumba yake ya Kibati ilikwenda, kinga ilikwenda, amebaki na koti na krono. Alikuwa amechuchumaa kando ya lile jiwe.

"Sungura je?" nikauliza.

"Nilibafungulia ile siku mulima ulianza. Sijuwe balifika wapi."

"Na daftari?"

Akagusa jiwe kwa kiwiko chake, kama alivyofanya kwa maji. "Hii nayo imeganda," akasema. Nilianza kulia kwa sauti, mbele ya wapita njia. Nikamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba ile siku haipo tena popote duniani. Alinipa leso yenye viraka.

Tezi ilikuja miaka kadhaa baadaye, imefungwa kwa jalada la bluu. Docteur alibaki huko huko Ulaya. Tulikuwa tumetajwa katika shukrani, mimi kwa "usafi wa kuandika". Muzee wakati huo macho yalikuwa yamekwisha, nikamsomea. Nilifika mahali palipoandikwa kwamba wanyama wote walitunzwa katika mazingira ya utulivu, mbali na kelele na mfadhaiko. Muzee alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji, akacheka tena.

"Basi," akasema, "mu Goma hakupigwaka risasi."

Alifariki mwaka uliofuata. Mjane wake aliniletea krono, imefungwa ndani ya kipande cha lile koti.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Labo mpya mnaijua, mashine mnaijua, panya weupe waliochukua nafasi ya sungura mnawajua. Uasi mwingine ulikuja, ukaenda, ukarudi na jina jingine. Mlima ulifunguka tena. Mimi niliandika matokeo na kufundisha vijana kushika mnyama kama mtoto wa jirani. Habari ya daftari sikumwambia mtu.

Juma langu la mwisho kazini, Neema alikuja mezani kwangu asubuhi akiwa na karatasi za mashine. Wengi mnamjua Neema, laborantine wetu, fundi wa labo mwenye mikono mizuri na hasira za karibu. Asubuhi ile milio mikubwa ilisikika upande wa kaskazini tangu mapambazuko, na nusu ya watu hawakuja kazini.

"Mama Adolphine, témoins wa leo wameharibika," akasema. "Bote banaganda mbio, sawa na ba adrenalini. Nibafute? Tutafanya tena kesho."

Nilihisi goti la Muzee kando yangu sakafuni. Neema akaniuliza kama ninaumwa.

"Usifute," nikamwambia. "Kalamu na daftari viko wapi? Chora safu hapa pembeni. Andika: mizinga, kuanzia saa kumi na mbili. Ngapi?"

"Sikuhesabu, Mama."

"Basi hesabu sasa."

Tulisimama dirishani sote wawili, krono ya Muzee mkononi mwangu, tukahesabu kwa midomo. Kisha Neema aliketi akaandika yote, namba za mashahidi sita na sababu yao, nami nikatia sahihi chini, pale ambapo Muzee angetia. Nililitazama lile daftari. Mistari ilipanda na kushuka, herufi ziligongana, tarakimu saba ilifanana na moja. Neema ana mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Asante Mungu, hakuna atakayemwomba aandike upya.